MAZUNGUMZO NA WANANCHI: UNENE WA WAYA NA FYUZI KATIKA UMEME WA JUA



Mwezi Mei 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 msiba huo ulirudi, na giza likadumu hadi Machi 2010. Si ajabu, basi, kuona paneli za umeme wa jua juu ya mapaa, madukani na hata katika vyombo vya baharini. Ni maendeleo ya kupongezwa, lakini yana sharti lake.

Wengi hudhani kuwa umeme wa betri ya volti 12 ni mpole kwa sababu augusaye hashtuki. Dhana hiyo ni ya hatari. Kifaa cha wati 60 katika umeme wa volti 230 hupitisha robo ya ampia tu; katika volti 12 hupitisha ampia 5, yaani karibu mara 20. Na kinachoupasha waya moto ni ampia, si volti.

Kwanza, unene wa waya. Paneli ya wati 100 hutoa kiasi cha ampia 6. Ikiwa iko mita 10 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, volti 1.4 hupotea njiani, na betri haijai vyema. Kwa waya wa milimita 6, upotevu hushuka hadi volti 0.35. Mwenye kununua waya mwembamba kwa urahisi wa bei hulipia tofauti hiyo kila siku jua linapochomoza.

Pili, fyuzi. Yafaa ifahamike kuwa fyuzi huwekwa kulinda waya, wala si kulinda taa au redio. Kifaa cha ampia 5 huongezwa robo, ikawa ampia 6.25; hivyo huchaguliwa fyuzi ya 7.5. Waya nao lazima uweze kuchukua zaidi ya kiwango hicho cha fyuzi. Waya ukiwa dhaifu kuliko fyuzi, utaungua waya na fyuzi itabaki nzima.

Tatu, mahali pa fyuzi. Fyuzi kuu huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Betri kubwa ikipata shoti hutoa mamia ya ampia kwa mara moja, na sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Fyuzi yenyewe iwe ya umeme wa moja kwa moja, kwani cheche za umeme huo ni ngumu kuzimika.

Iko desturi ya kuziba fyuzi iliyoungua kwa uzi wa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa huwaka tena, na mwenye nyumba hulala akiwa amemwondoa mlinzi wake, pengine chini ya paa la makuti. Fyuzi ikiungua, kwanza itafutwe sababu, kisha iwekwe nyingine ya kiwango kile kile.

Wananchi wanahimizwa kumwita fundi mwenye ujuzi, na kumwuliza kabla ya kumlipa: waya huu wachukua ampia ngapi, na fyuzi yake iko wapi?