Kukagua Mashamba Yaliyo Chini ya Mitambo ya Kahawa

Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama



Miaka kumi ya Chama chetu imesifiwa tangu asubuhi, na wenye kuisifu wana haki. Sisi tumeombwa kunena habari isiyopendeza pua: maji machafu yatokayo katika mitambo ya kumenyea kahawa, na mashamba yanayoyapokea.

Kahawa mbivu yapasa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Wakulima huileta alasiri, na mtambo huanza kazi jioni. Maganda huenda upande mmoja. Punje zenye ute huvundikwa, kisha huoshwa. Ute ule una sukari. Ukishachacha, maji huwa makali kama siki, na vijidudu vinavyoula humaliza oksijeni iliyomo. Kanuni za nchi za mwaka 2007 zataka maji yanayoachiwa mtoni yawe na kipimo cha uchachu, yaani pH, kati ya 6.5 na 8.5, maji ya kahawa hushuka hata karibu na 4. Tena kanuni hizo haziruhusu yahitaji oksijeni zaidi ya miligramu 30 kwa lita, na maji ya kahawa yasiyosafishwa huhitaji maelfu.

Hapa Upare jambo hili lina ubaya wake wa pekee. Wazee wetu walichimba ndiva ili zijae usiku na kufunguliwa mchana. Basi maji yaliyotoka mtamboni jioni, yakipenya katika mfereji, hulala ndivani usiku kucha yakichacha, na asubuhi mwenye zamu huyafungulia maharage yake. Tena uchumaji huanza wakati wa kiangazi, vijito vimekonda, hakuna maji ya kuyazimua. Mwenye shamba lile mara nyingi ni mwanachama yule yule aliyeleta kahawa. Akilalamika, analalamikia mali yake mwenyewe. Akinyamaza, maharage yake hayanyamazi.

Kwa hiyo yatupasa kukagua, na kukagua kwa utaratibu. Mkaguzi asianzie penye harufu. Aanzie juu ya mtambo, katika shamba lisilofikiwa na maji yale, achimbe, atazame udongo na mizizi, ndipo ashuke. Bila shamba la juu, nani ajuaye kama majani ya manjano yameletwa na maji ya kahawa au na udongo uliochoka? Na miteremko yetu, tukubali, imechoka mahali pengi. Huko chini atazame ukoko mweusi juu ya ardhi, maji yasiyozama, mizizi inayonuka uozo. Udongo uchukuliwe mahali kadhaa pa shamba moja, uchanganywe, utiwe mfukoni, yaandikwe mahali, kina na tarehe. Wataalamu wa Mlingano, Tanga, waweza kuupima. Maji hayangoji: yawekwe penye baridi, yafike maabara siku ile au kesho yake. Nayo yachotwe wakati mtambo unafanya kazi. Kukagua mtambo uliolala ni kutembea tu.

Nani akague? Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kwa mwenye kuachia maji machafu, na bonde letu ni la Pangani, ofisi yake iko Moshi. Lakini ofisa wa Moshi hawezi kupanda milima hii kila jioni, na kamati ya mtambo haifai kujikagua yenyewe.

Dawa zajulikana: maji yazungushwe na kutumika tena siku hiyo, maganda yawe mboji, mashimo yachimbwe mbali na mfereji, chokaa ipunguze uchachu. Gharama ipo, tena shimo hula ardhi, na ardhi mlimani haitoshi. Ndiyo maana wengine wangependa tusiulize.

Twaleta mbele yenu azimio. Kila chama cha msingi chenye mtambo kichague wakaguzi watatu kabla ya msimu kufunguliwa. Mmoja awe mgawa maji wa ndiva, na mwingine awe jirani asiye mwanachama, mwenye shamba chini ya mtambo. Taarifa yao isomwe katika mkutano mkuu kabla ya hesabu, na fidia ya shamba lililothibitika kuharibika itolewe kabla ya kugawa ziada. Nakala ziko mezani kwa Bwana Mwenyekiti.