Maji ya Maduara Yaliyoachwa

Mazungumzo ya leo yanawahusu hasa ninyi mnaolima jirani na machimbo ya dhahabu, huko Geita, Kahama, Tarime na kwingineko. Wachimbaji wakihama, maduara yao hubaki, na mvua huyajaza. Kiangazi kikifika visima vya kijiji vikauka, lakini maji ya duara bado yapo, tena meupe, unaona mpaka chini. Nani asiyeyachota?

Wengi mtaniambia, "Bwana Shamba, sisi tunachemsha." Vema, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini sumu ya machimbo si kijidudu. Arseniki na risasi hazina uhai, basi moto utaua nini? Jaribu jambo hili jikoni kwako: tia chumvi kwenye maji, onja, kisha yachemshe mpaka yabaki nusu, uonje tena. Chumvi imezidi, si ndiyo? Sumu hizo nazo ni vivyo hivyo. Mvuke unakwenda zake, sumu inabaki sufuriani. Dawa ya klorini haiiondoi. Shabu nayo hutuliza tope, ukayaona maji yamependeza ukadanganyika.

Sumu yenyewe inatoka wapi? Nyingine imo ndani ya mwamba. Mawe mengi ya dhahabu yana chuma kilichochanganyika na salfa, vile vipande vinavyong'aa ambavyo vimewapumbaza wengi. Yakiwa chini ya ardhi yametulia. Yakitolewa nje, hewa na mvua huyafanya yatoe tindikali, nayo huyeyusha arseniki na wenzake. Ukiona utelezi wa rangi ya kutu, au maji yasiyokaliwa hata na chura, kaa mbali. Usipoona hayo usijipe moyo, kwani arseniki haina rangi, harufu wala ladha.

Nyingine huletwa na watu: zebaki ya kukamatia dhahabu. Hubaki kwenye marudio, na mvua huyasomba hadi mabondeni. Ndani ya tope vijidudu huigeuza ikaingia kwenye samaki, na kambale mkubwa anayekula wenzake huikusanya zaidi.

Wala mgodi kufungwa si mwisho wa mambo. Jirani zetu wa Kasese, Uganda, walikuwa na mgodi wa shaba wa Kilembe. Ulianza kutoa shaba mwaka 1956, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marundo ya mabaki yake yaliachwa kando ya mto Nyamwamba, na mto ukifurika huyala na kuyapeleka chini.

Madhara hayaji leo na kesho, na ndiyo maana watu hubisha. Aliyekunywa arseniki miaka mingi hutokwa na madoa kwenye ngozi, viganja na nyayo zikawa ngumu, na anaweza kupata saratani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Zebaki hutetemesha mikono, na mama mjamzito akila samaki wenye sumu hiyo, humpata mtoto aliye tumboni.

Basi tufanyeje? Zungushieni duara minyaa au mkonge, ng'ombe wasishuke kunywa. Msimwagilie mchicha wala mpunga kwa maji yale. Mchanga wa marudio usiuchukue kukandika nyumba. Najua ni laini na haulipiwi, lakini watoto watautambaa. Kisima kipya kichimbwe upande wa juu wa machimbo, kamwe si chini yake.

Na paa la bati ni kisima pia. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 5 kwa 6, mvua ya milimita 10, ni kama lita 300. Mvua ya kwanza iachie ioshe vumbi, hasa palipo na karasha karibu.

Kama mna shaka na kisima, mwenyekiti wa kijiji apeleke habari RUWASA wilayani, aombe maji yapimwe, na ataje wazi kwamba mnataka arseniki, risasi na zebaki zipimwe. Asipotaja, huenda wakapima vijidudu tu, mkaletewa karatasi isemayo maji ni salama.

Wiki ijayo tutaongea habari ya dumuzi ghalani. Kwaherini.