Jina, Ng'ombe na Mahame: Mafumbo ya Nasaba Malampaka



Anayetafuta asili ya ukoo wake Malampaka, wilayani Maswa, hukabiliwa na fumbo la lugha kabla ya fumbo la historia. Mji huo mdogo uko kando ya reli ya Tabora na Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Lakini daftari za kodi, shule na ubatizo zilizowataja wazee wao aghalabu ziliandikwa kwa lugha nyingine.

Fumbo la kwanza ni jina. Katika Kisukuma, jina la mzazi hutanguliwa na neno ng'wana, yaani "mtoto wa". Karani asiyeizoea sauti hiyo huweza kuandika Mwana au Ngwana, au kuliacha neno lenyewe. Hivyo ndugu wa tumbo moja huonekana kuwa watu wa koo mbili. Aidha, jina hubeba tukio: Mabula hutokana na mvua, Nzala ni njaa, Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ni mtoto anayewafuata. Mtafiti akimkuta Shija katika daftari, hana budi kuwatafuta pacha waliomtangulia, hata kama walifariki wachanga na hakuna karatasi iliyowataja.

Fumbo la pili ni mahari. Kwa mujibu wa mila zilizoandikwa na Hans Cory katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu sheria za Wasukuma, ng'ombe wa mahari ndio waliompa baba haki juu ya watoto. Pasipo ng'ombe, mtoto alihesabiwa kwa upande wa mama. Kwa hiyo, jina linalofuata ng'wana huenda likawa la babu mzaa mama, wala si la baba. Likisomwa vibaya, humwingiza mtu katika ukoo usio wake, na pengine katika mgogoro wa mirathi.

Fumbo la tatu ni mahali. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kaya nyingi zilihamishwa. Mzee akisema "kwetu", huenda anakusudia mahame, si kijiji anachoishi. Vilevile, baadhi ya nyaraka za kabla ya mwaka 2012 huitaja Maswa chini ya Mkoa wa Shinyanga, kwa kuwa Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujaundwa.

Basi, mtafiti asianze kwa kumwuliza mzee alizaliwa mwaka gani. Aulize: Mzee, ulimfuata nani kuzaliwa? Ng'ombe wa mama yako walitoka kaya ipi? Makaburi ya babu yako yako wapi? Majibu hayo ndiyo yanayoipa daftari maana. Daftari yaweza kusubiri kabatini. Mzee anayejua ni kwa nini mtu fulani aliitwa Shija hatasubiri.