Askofu Cornelius Korir na Wakimbizi wa Eldoret



Mgeni afikaye Eldoret huonyeshwa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, makao ya Askofu wa Kikatoliki. Siku za kawaida hapana ajabu hapo ila watu waendao kusali. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2008 uwanja wa kanisa hilo ulijaa watu wapatao 10,000, waume kwa wake, wazee na watoto wachanga, pamoja na vyombo vichache walivyoweza kuokoa. Aliyewapokea alikuwa Marehemu Askofu Cornelius Korir.

Uchaguzi Mkuu ulikuwa umefanywa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa, fujo zikazuka mahali pengi katika Kenya, na zaidi ya watu 1,100 wakafa kabla hazijatulia. Katika nchi ya Uasin Gishu nyumba zilichomwa, njia zikazibwa kwa mawe na magogo, na watu wengi, hasa Wakikuyu, wakafukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakiyalima kwa miaka mingi. Tarehe 1 Januari 2008, katika kijiji cha Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto hali watu waliokimbilia humo wangalimo. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Basi waliokimbilia kwa Askofu baada ya habari hiyo walijua vema kuwa kanisa si ngome.

Askofu mwenyewe alikuwa Mkalenjin, Mkipsigis aliyezaliwa Bomet mwaka 1950, na wengi wa vijana waliokuwa wakichoma nyumba pande zile walikuwa Wakalenjin pia. Ilikuwa rahisi kwa watu wa kwao kumwona msaliti. Angeweza kuwaelekeza wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho ya ukulima, ambako maelfu wengine walikuwa wamekwisha kukusanyika, naye asilaumiwe na mtu. Hakufanya hivyo. Na watu 10,000 si hesabu ya kutajwa kwa wepesi: kila kukicha wanataka unga, maji, kuni, dawa na vyoo.

Wala hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuona mambo ya namna hii. Alifanywa Askofu wa Eldoret mwaka 1990, na haukupita muda mrefu mapigano ya makabila yakaanza katika Bonde la Ufa, hata mwaka 1992 yakafika Burnt Forest. Tangu wakati huo alitambua kwamba blanketi na unga humhifadhi mkimbizi, lakini havimrudishi kwake.

Tarehe 28 Februari 2008 Bwana Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano mjini Nairobi, mbele ya Bwana Kofi Annan. Wakubwa walikwisha kupeana mikono, lakini kule mashambani jirani alikuwa bado anamwogopa jirani. Hapo ndipo kazi kubwa ya Askofu ilipokuwa. Hakuanza kwa kuwakusanya maadui katika baraza moja wahubiriwe. Kila upande ulikutana kwanza peke yake, watu wachache wachache, ukasema uchungu wake wote pasipo kukatizwa. Baadaye pande zote mbili zilikaa pamoja, zikaelezana madai yao, zikafanya mapatano. Kisha zikapewa kazi ya kushirikiana, kama kutengeneza barabara itakayopitwa na wote. Kazi ya namna hii ni ya polepole na yenye kuchosha, wala haileti picha za kupendeza magazetini. Aliitumia vilevile baina ya Wapokot na Wamarakwet waliokuwa wakiuana kwa ajili ya ng'ombe, na mwaka 2009 ikaelezwa hatua kwa hatua katika kitabu chake kiitwacho Amani Mashinani.

Askofu Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, mwenye umri wa miaka 67. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu uchaguzi wa urais kurudiwa, na nchi ilikuwa tena katika wasiwasi. Alizikwa mwezi wa Novemba ndani ya kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, karibu na uwanja ule walipolala wakimbizi.