Namba Mbili za Kichwani

Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha usiku cha kuadhimisha miaka 63 ya Uhuru, Dubai, Desemba 2024



Sisi wauguzi wa Kitanzania tunaofanya kazi katika mji huu tumeombwa tuseme neno la afya kabla chakula hakijapoa. Miaka iliyopita tulizungumzia sukari na presha. Mlitusikiliza kwa adabu, kisha mkaenda kuongeza soda. Leo tutazungumzia kitu ambacho kila mmoja wenu anacho mkononi au mezani, na vingine vimeshawaka mara mbili tangu tuanze kusema.

Aliletwa usiku kijana mmoja wa kwetu, mpakiaji wa mizigo Deira, amevunjika paja. Akili timamu, anaongea, anajibu kila anachoulizwa. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo chote na haiwaki. Kitambulisho cha Emirates kilitupa jina, tarehe ya kuzaliwa na uraia. Tukamuuliza, tumpigie nani? Akasema, mke wangu, yupo Tanga. Namba yake? Akaanza, "Sifuri saba moja..." akaishia hapo. Mwenzako wa chumbani? Haijui. Msimamizi wako wa kazi? Yumo kwenye simu. Ndoa yao ilikuwa na miaka sita, na katika miaka hiyo hakuwahi kuibonyeza namba ya mkewe tarakimu kwa tarakimu. Alikuwa anagusa picha yake tu, simu inaita.

Mwenzake wa kazini alipatikana siku ya pili, mchana. Huko Tanga yule dada alikuwa amekesha akiutazama ujumbe wake wenye tiki moja ya kijivu. Kwa mwenye mume wa mbali, tiki moja inaweza kuwa betri imeisha, au mtu amezima kwa sababu anazozijua mwenyewe, au amekufa. Dada yule alizipitia zote tatu usiku huo.

Wala si kisa cha ajabu. Wauguzi wenzetu wa Ufilipino na wa Kerala wanasimulia hivyo hivyo kuhusu watu wao. Mgonjwa anaingia na maumivu yake, na kabla hajauliza kama mguu utapona anauliza kama kuna chaja.

Sisi tuliosomea shahada ya uuguzi India mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tunapiga simu nyumbani kwenye vibanda vya PCO. Unaingia kibandani, unabonyeza 00255, halafu namba ya jirani mwenye simu, na jirani anamtuma mtoto mbio akamwite mama. Unaongea huku macho yapo kwenye zile namba nyekundu za mita, maana kila zinavyopanda ndivyo chakula cha wiki kinavyoshuka. Namba hizo tulizijua kama tunavyojua majina yetu. Zilipobadilishwa kule nyumbani, 0744 ikawa 0754, tulizikariri upya na maisha yakaendelea. Hatukuwa na akili kuliko vijana wa leo. Tulikuwa hatuna njia nyingine.

Tusieleweke vibaya, hatukuja kuisema simu. Bila simu, wengi wetu tusingemwona marehemu baba akiwa hai miezi yake ya mwisho. Kwa simu tunalipa ada Morogoro, tunatuma pesa ya dawa, tunaagiza mzigo wa Kariakoo. Hapa mjini hata kuthibitisha kwamba wewe ni wewe kunapita kwenye simu: UAE Pass, namba za siri za benki, yote humo. Ndiyo maana tuna wasiwasi. Muuguzi akiona kiungo kimoja kinafanya kazi ya viungo vitano, anajiuliza kikichoka itakuwaje.

Mwaka huu tumeonyeshwa mara mbili. Tarehe 16 Aprili ilinyesha mvua kubwa kuliko zote hapa nchini tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Pale uwanja wa ndege wa Dubai zilipimwa zaidi ya milimita 142 kwa siku moja, wakati kwa kawaida mwaka mzima hupata kama milimita 95. Mnakumbuka magari yanaelea, majengo mengine hayana umeme, lifti zimesimama. Na mnakumbuka simu zikifa moja baada ya nyingine, kisha watu wazima wakipanda ngazi kugonga milango kumi ili kumpata mtu mmoja.

Hata mwezi haujaisha, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ikapotea, na hata simu za kimataifa zikawa za kubahatisha. Ilikuwa Siku ya Mama. Huku tunapiga Botim haiiti, tunatuma ujumbe hauendi, na kwenye magrupu yetu swali ni moja: kuna aliyempata mtu wa nyumbani? Wachache waliopata walikuwa na namba ya simu ya kawaida, wakapiga kwa dirhamu, wakarudia mara nane, mara tisa. Wengine namba ya mama hawakuwa nayo popote, kwa kuwa wanachokijua wao ni akaunti yake.

Kuhusu watoto tutasema kidogo tu, kwa sababu wanatusikiliza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wazazi wa zamu za usiku tunajua jinsi saa hiyo inavyovutwa ikawa nne. Hatulaumu mtu. Ila mtazame bibi anapopiga kutoka Moshi. Kwa mtoto wa Al Qusais, bibi ni paji la uso na kipande cha dari, na sauti inayouliza, "Mnanisikia? Mnaniona?" Mtoto anasema "hi", anampungia, anarudi kwenye mchezo. Hajui jina kamili la bibi yake, hajui namba yake, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "shikamoo". Siku kioo kikizima, atamtafuta vipi huyo bibi?

Tungeweza kulivuta neno uhuru liingie hapa, lakini leo limeshafanya kazi ya kutosha.

Tunachoomba ni hiki. Kwenye kila meza kuna kadi na kalamu. Andika jina lako, mtu wa kupigiwa hapa, mtu wa kupigiwa nyumbani, ugonjwa unaotibiwa, dawa unazokunywa, na dawa zinazokudhuru. Tunasisitiza hiyo ya mwisho, hasa kwa wale wanaovimba wakipewa dawa za salfa. Daktari wa hapa hawezi kulijua hilo kwa kukutazama. Kadi ikae nyuma ya kitambulisho cha Emirates, maana hicho hamkiachi. Simu nyingi pia zina mahali pa kuweka taarifa za dharura zinazosomeka bila nywila; mkishindwa kupapata, meza yetu ni ile karibu na mlango, na vijana wetu watawasaidia. Wageni waliokuja kutembea, wazee hasa, waandikiwe kadi leo hii. Gari la wagonjwa ni 998.

Halafu kila mtu ashike kichwani namba mbili, moja ya hapa na moja ya nyumbani. Si lazima ziwe kumi. Zikariri kwa wimbo ukitaka, ilimradi ukiamshwa usiku uzitaje.

Na sasa watoto. Mwenyekiti ametupa zawadi, zipo kwenye boksi lile. Atakayekuja hapa mbele, akataja jina kamili la bibi au babu yake na namba yake ya simu kuanzia 255, kwa Kiswahili, bila kutazama popote, anaondoka na moja. Foleni inaanzia hapa kwenye kipaza sauti. Wazazi, tafadhali, msiwanong'oneze.