Shule ya Jumamosi: Wapiga Jazz wa Chicago na Vijana wa Mtaa Wao

Leo somo letu lavuka bahari kwenda Marekani, katika mji wa Chicago. Twataka kujua jinsi wapiga muziki wasio na mali walivyojianzishia shule ya bure, na kwa nini haikufa.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Wazee miongoni mwenu mkisikia neno jazz, moja kwa moja mwakumbuka bendi zetu: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Bendi hizo zilipiga dansi ya kwetu, yenye magitaa na harufu ya Kuba, na jina la jazz lilikuwa kama kanzu ya sikukuu tu. Jazz ya Marekani ni muziki mwingine. Ulizaliwa kwa watu weusi wa kule, na sifa yake kubwa ni kwamba mpigaji huzua sauti papo hapo, akijibizana na wenzake, kama washairi wanaojibizana barazani pasipo karatasi.

Chicago uko kaskazini ya nchi ile, kando ya Ziwa Michigan. Tangu miaka ya 1910 mpaka kufikia 1970, watu weusi wapatao milioni sita waliyahama majimbo ya kusini, wakikimbia dhuluma na kutafuta kazi za viwandani. Wengi walifikia Chicago. Lakini huko walikokimbilia hawakuachwa wakae wapendapo. Wenye nyumba wa mitaa ya wazungu waliwafungia milango, nao wakasongamana upande wa kusini wa mji. Hata chama cha wafanyakazi wa muziki kilikuwa na matawi mawili, Namba 10 la wazungu na Namba 208 la weusi, na hayakuunganishwa mpaka mwaka 1966.

Katika mitaa hiyo muziki ulikuwa na walimu wake. Mmoja ni Walter Dyett, aliyeitwa Kapteni kwa kuwa aliongoza bendi ya jeshi. Alifundisha katika shule ya serikali iitwayo DuSable tangu mwaka 1935 hata mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye alikuwa mkali kama pilipili. Mikononi mwake walipita Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons na Johnny Griffin. Nataja majina haya mpate kuona kwamba upande ule wa mji haukukosa vipaji hata siku moja. Kilichokosekana ni mahali pa kuvitumia.

Maana kufika miaka ya 1960 vilabu vya jazz vya upande wa kusini vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Muziki wa rock ulikuwa umewavuta vijana, na mwenye baa aliona heri aweke mashine ya santuri kuliko kulipa watu watano wa bendi. Mpiga saksafoni mwenye mke na watoto, kazi yake imekwisha, afanye nini? Wengine waliuza vyombo vyao.

Mwezi wa Mei mwaka 1965 wanamuziki wanne, Muhal Richard Abrams, Phil Cohran, Jodie Christian na Steve McCall, waliwaita wenzao kwa kadi za posta wakutane. Mkutano wa kwanza ulifanyika nyumbani kwa Cohran. Wakaunda chama cha kuwaendeleza wanamuziki wabunifu, ambacho kwa herufi za Kiingereza huitwa AACM, na mwaka huo huo wakakiandikisha katika jimbo la Illinois kuwa chama kisichotafuta faida. Maana yake ni kwamba fedha ikibaki haigawanywi kwa wanachama, hurudi katika kazi ya chama. Ninyi wenye vyama vya kufa na kuzikana hamhitaji kuelezwa zaidi.

Walijiwekea madhumuni tisa. Mojawapo, nalo ndilo lililonifanya nilichague somo hili, lilikuwa kuwafundisha bila malipo vijana wa mji waliokosa nafasi. Angalieni watu hawa! Wao wenyewe hawana kazi ya uhakika, nao katika katiba yao wanaandika deni kwa watoto wa wenzao.

Kabla mwongo ule haujakwisha, shule ilikuwa imefunguliwa, nayo ilifanya kazi siku za Jumamosi. Walimu walikuwa wanachama wenyewe. Abrams alikuwa na elimu kubwa ya muziki, lakini sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe kwa vitabu na kwa kusikiliza. Alisimama mbele ya ubao na chaki akianza na mambo madogo kabisa: hatua nzima na nusu hatua kati ya sauti na sauti, kisha sauti nne zilizopangwa pamoja, kisha ngazi nzima. Jambo la ajabu ni kwamba mwanafunzi hakuambiwa angoje miaka kumi ndipo atunge. Alitunga tangu mwanzo, kwa hizo sauti chache alizokwisha kuzielewa. Shule nyingi za muziki humfundisha mtoto kwanza kupiga kazi za marehemu. Hapa alifundishwa kwamba yeye naye ana la kusema. Mimi naona hii ndiyo nguvu ya shule ile, kuliko hata kutolipiwa ada.

Na ada? Kwa Kiswahili chetu neno bure lina maana mbili: kisicholipiwa, na kisicho na thamani. Watu wengi huogopa kwamba cha kwanza huzaa cha pili. Pale Chicago haikuwa hivyo, na sababu nadhani ni hii: mwalimu uliyemwona asubuhi ubaoni ndiye uliyemwona tena jukwaani, akipiga muziki aliotunga mwenyewe. Chama kiliandaa maonyesho yake chenyewe, na kilitaka wanachama wapige kazi zao wenyewe, si nyimbo za watu wengine. Mtoto hawezi kumdharau mwalimu wa namna hiyo.

Fedha haikuwa nyingi. Wanachama walitoa ada ndogo, wakakusanya viingilio vya maonyesho, na baadaye zikapatikana ruzuku. Wengine walikwenda kutafuta riziki ng'ambo. Mwaka 1969 Lester Bowie, mpiga tarumbeta, aliuza samani za nyumbani kwake ili yeye na wenzake wafike Paris, ambako kundi lao, Art Ensemble of Chicago, lilipata jina.

Msidhani walikuwa na umoja usio na ufa. Cohran hakukaa sana. Yeye alitaka muziki ulio karibu zaidi na watu wa kawaida na mila ya Afrika, akajitenga na kufungua jumba lake la sanaa, ambako pia alifundisha. Alipenda kupiga chombo alichokiita frankifoni, kwa jina la mama yake. Ni chombo cha jamii moja na malimba ya Wagogo, ila kimetiwa umeme. Wanawe wanane wakaunda bendi ya matarumbeta. Kwa hiyo hata ugomvi ule ulizaa darasa la pili.

Wanawake nao walikuwamo tangu zamani. Amina Claudine Myers alikuja Chicago kufundisha shule, akaingia chamani mwaka 1966. Baada ya miaka mingi Nicole Mitchell, mpiga filimbi, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti.

Tena yuko George Lewis, mpiga tromboni. Mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 19, alikuwa akipita mtaani kwao akasikia wanachama wakifanya mazoezi, akaingia. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 2008 alitoa kitabu kinene cha historia ya chama. Mwenzao Henry Threadgill alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2016. Abrams alifariki mwaka 2017.

Sasa kazi ya vikundi. Msomaji wa kikundi asome tena polepole fungu lile la madhumuni tisa. Kisha mjadiliane: katika mtaa au kijiji chenu, ni fundi gani, wa ngoma, wa kinanda, wa seremala au wa kushona, ambaye ujuzi wake utazikwa naye? Angeweza kutoa saa mbili za Jumamosi? Chumba ni cha nani, na ufunguo atashika nani? Katibu aandike majibu, maana katika somo lijalo tutazungumza juu ya namna ya kuandika katiba ya chama kidogo.