Moyo Uliojaa Mambo Mengi

Somo: Luka 10:38-42



Wengi wetu tumejaribu kuanza siku kwa kulitafakari Neno la Mungu. Twaamka mapema, twasoma mistari michache, twafumba macho. Kabla ya dakika mbili kupita, moyo umekwenda zake: karo ya mtoto haijatimia, ng'ombe hajakamuliwa, na jana jirani alitujibu vibaya. Twaurudisha, nao watoroka tena. Baada ya juma moja wengine husema, "Kutafakari ni kwa wachungaji, sisi hatukujaliwa." Ndipo Biblia huwekwa kando mpaka Jumapili.

Ndugu wapendwa, tusikate tamaa. Martha alihangaika na shughuli nyingi, lakini Bwana hakumfukuza. Alimwita kwa jina lake, tena mara mbili. Basi kutangatanga kwa mawazo si dalili kwamba tumekataliwa.

Mwaka 1535, huko Wittenberg, Ujerumani, Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, jina lake Peter, kijitabu juu ya kuomba. Alimkumbusha kazi yake mwenyewe. Kinyozi mwema huweka macho na mawazo kwenye wembe; akipiga domo na kutazama huku na huku, aweza kumkata mtu pua au hata koo. Wahenga wetu nao walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Kwa hiyo Luther alishika neno dogo, kama vile amri moja katika zile kumi, akalitafakari kwa njia nne. Nasi twaweza kuuliza hivi: Neno hili lanifundisha nini? Nimshukuru Mungu kwa lipi? Nitubu lipi? Niombe nini? Moyo wenye kazi ya kufanya hautoroki upesi.

Na karo ikibisha hodi katikati ya sala? Tusishindane nayo. Tumkabidhi Bwana kwa maneno machache, kisha tuurudie mstari wetu. Tukitoroka mara kumi, turudi mara kumi; Baba hachoki kutupokea.

Lakini tuangalie jambo moja. Wazo la yule jirani likirudi kila asubuhi, huenda halikuja kutusumbua bure. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana Yesu amwagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Pengine mlango wa kutafakari kwetu umefungwa kwa sababu hatujabisha mlango wa jirani. Hapo dawa si kufumba macho zaidi, bali kuvaa viatu na kwenda.

Kesho asubuhi, basi, tuchukue mstari mmoja na dakika tano tu. Na kama kuna mtu wa kupatana naye, twende kwake kabla jua halijatua.

Bwana atutulize mioyo yetu. Amina.